Barua Isiyo na Salamu

Alby, Stockholm
12 Januari 2025

Mpendwa Mama Mdogo Brigitha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani Kamachumu, magoti yametulia na kahawa imeanikwa. Sisi hapa Alby hatujambo. Baridi ni ileile unayoijua tangu ulipoishi huku: nikienda kushika treni asubuhi giza halijaondoka, na nikirudi limeshakaa tena. Léontine bado anauguza wazee kule Tumba, na mgongo unamsumbua. Aurore ametimiza miaka kumi na minne. Namsalimia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi huku anacheka, kwa hiyo najua amesikia.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Mama Mdogo, kwenye simu kila nikigusa jambo moja mtandao wako unakatika. Sasa umekatika mara nne. Nimeona nijaribu karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Kanisani kwetu yuko mtoto wa Kikongo anaitwa Maombi, ana miaka minane. Mama yake amelazwa hospitali na hatatoka karibuni, na watu wa ustawi wa jamii wanatafuta familia ya kumlea. Léontine aliniambia tukiwa jikoni, kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Vedasto, banatafuta nyumba yenye kusema Kiswahili. Si tuko nayo?" Nilibaki naosha sahani moja mpaka akaninyang'anya. Mimi niliyelelewa kwa watu miaka saba, leo nichukue mtoto wa kulea!

Kabla sijamjibu nataka kujua kitu kimoja kutoka kwako. Unakumbuka siku uliyonipeleka stesheni kuu hapa Stockholm, Agosti mwaka tisini, miezi minne baada ya mama kufariki? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinifunga kamba za viatu ukanieleza kwamba yule mama wa kaskazini niliyekuwa nakwenda kulelewa kwake atasoma barua zangu zote kabla hazijatumwa, kwa hiyo lazima niandike Kiswidi ili azielewe. Tukapanga sheria yetu. Nikiwa salama, nianze na salamu ndefu za kwetu, niulizie hali ya kila mtu na niseme mimi ni mzima. Mambo yakiwa mabaya kabisa, niache salamu, nianze na habari moja kwa moja. Ulisema Mswidi hatashtuka, wao ndivyo wanavyoandika. "Ila mimi nitajua," ulisema, "na nitapanda treni ya kwanza."

Novemba 1991 nilikuandikia barua isiyo na salamu. Je, ilikufika?

Mwanao,
Vedasto


Kamachumu
9 Machi 2025

Mwanangu Vedasto,

Marahaba, marahaba sana, baba. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la parokia wiki nzima kwa sababu katibu alikwenda kwenye msiba Muleba, usidhani nimekupuuza. Mimi nipo, magoti ndiyo hayo, siku nyingine yanatembea na siku nyingine yanagoma. Mdogo wako Gladness amejifungua tena kule Mwanza, mtoto wa kike, macho makubwa kama ya marehemu mama yako Domina. Mawe, mama yangu! Nilipoletewa picha nilikaa chini. Mvua imekuja kwa fujo. Migomba ya upande wa chini imeshikwa na mnyauko, nimekata mashina sita na kuyachoma. Paa la kanisa linavuja juu ya kwaya, na sisi wa sauti ya pili ndio tunaonyeshewa. Padri anasema tuvumilie, yeye amekaa pakavu.

Kuhusu huyo mtoto Maombi, mchukueni. Léontine ana moyo, na wewe una kazi ya kueleweka. Mnunulieni soksi za sufu, watoto wanaotoka kwenye joto miguu yao huteseka kwanza. Aurore naye atapata mdogo wake, aache kukaa na simu. Msalimie, mwambie bibi yake anajua kusoma Kiswidi, aniandikie asione aibu.

Karatasi inaniishia. Hayo mengine tutaongea siku ukija.

Mama yako mdogo anayekupenda,
Brigitha


Alby
2 Aprili 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Pole kwa migomba.

Umenijibu habari za paa, za padri, za katibu na msiba wake. Barua yangu ilikuwa na swali moja tu. Wewe si mtu wa kusahau, unakumbuka mpaka nguo niliyovaa siku ya kipaimara.

Basi ngoja nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nyumba yetu haina milango ya ndani. Niliing'oa yote mwaka tuliohamia, nikaipeleka stoo ya chini. Chooni tumetundika pazia. Aurore haleti rafiki nyumbani kwa ajili hiyo. Mwezi uliopita alikuja Filip, kijana wa ustawi wa jamii, kuikagua nyumba kwa sababu ya Maombi. Akatazama bawaba tupu, akatuuliza milango iko wapi. Léontine akamwambia tunapaka rangi. Alidanganya kwa ajili yangu, mwanamke asiyeweza kudanganya hata nauli.

Kule kaskazini nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala la viazi, limechimbwa ardhini, lina mlango mzito wa mbao na komeo upande wa nje. Nikilowesha kitanda, niliingizwa humo. Nikichelewa kujibu, humo. Nikisikika nasema Kiswahili peke yangu, humo. Mara nyingine ni tangu chakula cha mchana mpaka kesho yake. Mkanda nao ulikuwapo, lakini mkanda ukianza unajua utaisha. Nina miaka arobaini na tatu, Mama Mdogo, na mlango ukifungwa nyuma yangu jasho linanitoka mpaka viatuni. Léontine ananipenda, na bado nikiguswa nikiwa sijajiandaa narusha mkono. Binti yangu mwenyewe amejifunza kukohoa kwanza kabla hajanikaribia.

Niliandika hivi: Theluji imeanguka. Tunakula viazi. Vedasto. Yule mama akaisoma, akanipapasa kichwa akasema sasa nimejifunza kuandika barua kama watu. Ni mara moja tu aliyowahi kunisifu. Akabandika stempu mbele ya macho yangu. Basi la kutoka stesheni lilikuwa linapita saa kumi. Nililisubiri dirishani siku tisa.

Maisha yangu yote nimejiambia kwamba aliitupa. Kwamba ingefika, ungekuja. Hilo ndilo lililonifanya nisimame. Sasa natakiwa nimwambie mtoto wa watu, "Ukiwa na shida sema, tutakuja," na neno hilo siwezi kulisema, kwa sababu sijui kama liliwahi kuwa la kweli. Filip anataka jibu letu kabla Mei haijaisha.

Ilifika au haikufika?

Vedasto


Kamachumu
4 Mei 2025

Mwanangu Vedasto,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Léontine na Aurore. Hapa hatujambo, mvua imepungua. Gladness anasema nimekonda, lakini yeye huona kila mtu amekonda.

Nimesoma yale ya ghala. Nimeyasoma mara nyingi. Sikujua, baba. Nilikuja huko mara mbili tu, na mara zote mbili tuliketi sebuleni tukanywa kahawa, nawe umevaa shati jeupe. Pole.

Kuhusu barua. Pale Rinkeby, tulipokuwa tukiishi hapo Stockholm, barua zilipitishwa kwenye tundu la mlango zikaangukia sakafuni, na marehemu Clement ndiye aliyekuwa akiziokota, kwa maana mimi niliingia kazini mapema. Unajua jinsi mume wangu alivyokuwa kuhusu habari ya kukuchukua wewe. Nadhani aliiona, akaichana. Mimi barua hiyo sikuiona kwa macho yangu. Ningeiona ningekuja, nilikuahidi.

Amekwisha kufa, tumwachie Mungu. Mchukueni mtoto.

Mama yako mdogo,
Brigitha


Alby
27 Mei 2025

Mama Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Hujambo wewe? Magoti yanasemaje? Na Gladness, na huyo mjukuu mwenye macho ya mama yangu? Na migomba iliyobaki? Padri ameshahamia upande unaovuja? Sisi ni wazima, wazima kweli, na leo siandiki hivyo kwa kufuata adabu.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilitoka nikatembea mpaka ziwani na kurudi. Nilikuwa na mzigo, Mama Mdogo, na umenitua. Kumbe ilikuwa barua iliyochanwa tu. Kumbe njia ilikatwa katikati, lakini upande wa pili ulikuwapo wewe. Nilimwambia Léontine yote, hata ya ghala, ambayo alikuwa anayajua nusunusu. Alilia, halafu akaniuliza, "Bon, sasa tunasema ndiyo?" Tukasema ndiyo.

Maombi amekuja tangu Jumamosi, na begi moja la mgongoni. Haongei sana. Siku ya pili Léontine alikuta mikate chini ya mto wake akataka kuitoa. Nikamwambia aiache. Nikaenda jikoni nikaleta kopo lenye kifuniko, nikampa Maombi, nikamwambia mkate ukikaa humu haukauki. Akaihamishia humo yote. Mimi kule kaskazini nilikuwa nauficha kwenye soksi.

Nimemfundisha sheria yetu. Ana kisimu kidogo cha shule. Akiniandikia, aanze na salamu: Shikamoo Baba Vedasto, mimi ni mzima. Akiona mambo mabaya na hawezi kusema, aache salamu aandike chochote, nami nitaacha kazi nije. Alitaka kujua sheria hiyo nimeipata wapi. Nikamwambia nimepewa na bibi yake wa Kamachumu.

Mlango wa choo nimeurudisha, Aurore ndiye aliyenishikia bisibisi. Na Clement nimemsamehe. Jumapili nilimwombea kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu afe. Kumbe nilikuwa na chuki na mtu bila kumjua ni nani.

Asante. Ungalinijibu miaka kumi iliyopita, lakini basi, mtandao.

Mwanao,
Vedasto


Kamachumu
20 Julai 2025

Barua yako ilifika.

Ilifika tarehe 21 Novemba, siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Clement alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, daktari alikuwa amenipumzisha kwa ajili ya mimba ya Gladness, miezi mitano. Niliisikia ikidondoka. Nikaiokota, nikaujua mwandiko wako, nikakaa palepale sakafuni. Theluji imeanguka. Tunakula viazi. Nikageuza nyuma ya karatasi kutafuta salamu. Nikaipanua bahasha nikachungulia ndani, kana kwamba zilikuwa zimebaki humo.

Nilivaa koti. Nilipanda treni mpaka mjini, nikasimama stesheni kuu mahali ulipofungwa kamba za viatu. Treni yako ilikuwa saa saba na dakika kumi. Niliiona ikija, nikawaona watu wakipanda, nikaiona ikiondoka. Kisha nikaingia dukani hapohapo stesheni nikanunua soksi za sufu, jozi mbili, za buluu. Nikarudi Rinkeby nikapika. Clement aliporudi akauliza kama kuna habari. Nikasema Vedasto hajambo.

Nilimwogopa Clement, hilo si uongo. Alishasema hakuoa ili alee mtoto wa shemeji, na vibali vyangu vya kukaa vilikuwa vimefungamana na vyake. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hayo yote nimemwambia padri, si mmoja, watatu, wakaniondolea. Lakini sikuwaambia jambo moja, na sasa nakuambia wewe. Clement hakuiona barua hiyo. Sikumwonyesha. Sikumpa hata nafasi ya kukataa. Nilimkatalia kwa niaba yake, nikakaa nyuma ya jina lake. Alikuwa mkali wa maneno, lakini alipomshika Gladness alilia kama mtoto. Huenda angesema nenda kamlete. Hilo ndilo linalonitafuna, Vedasto. Huenda angesema hivyo.

Soksi nilikutumia, na kikaratasi cha Krismasi, nikajifanya barua haikunifika. Desemba ukaniandikia tena, salamu nusu ukurasa, kila mtu umemtaja, mimi ni mzima. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa zile salamu. Nilijua kwamba ulikuwa umekata tamaa. Nilijua, na bado nikashukuru, kwa sababu ziliniruhusu nisije. Nilipokuja baada ya mwaka nikakuona na shati lako jeupe, sikukuuliza kitu. Nilikula keki ya yule mama nikaisifu.

Mwezi wa tano nimekudanganya tena, mtu mzima wa miaka sitini na nane, nikamsingizia marehemu ambaye hawezi kujitetea. Nilidhani nakusaidia umchukue mtoto. Sikuwa nakusaidia wewe. Kisha ukaniandikia kwamba umemwombea Clement, na kwamba Maombi ameambiwa sheria ni ya bibi yake wa Kamachumu. Chakula kimenishinda tangu siku hiyo. Futa msamaha uliompa Clement, haumhusu, hakukukosea. Aliyekukosea ni mimi.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako. Imekaa kwenye kitabu changu cha sala miaka yote hii, Rinkeby na hapa. Kila nilipokifungua kusali niliiona.

Umeona sikuanza na salamu. Usidhani nakuita, sina uso wa kukuita. Nilishika kalamu niandike kwamba mimi ni mzima, mkono ukakataa.

Brigitha


Alby
9 Novemba 2025

Bahasha yako ilifika tarehe 11 Agosti. Ilikaa juu ya friji siku tatu, kisha niliisoma nimesimama. Sikukujibu kwa sababu nilijaribu mara nyingi na kila mara yalitoka matusi, na wewe ni mdogo wa mama yangu. Barua hizo nilizichana zote. Siku niliyoisoma niliung'oa mlango wa choo, na baada ya wiki mbili nikaurudisha. Léontine alinipa tu bisibisi.

Aurore aliikuta ile barua yangu juu ya meza. Katika hizi zetu zote ndiyo pekee anayoiweza, maana ni ya Kiswidi. Aliisoma mistari ile mitatu akarudia. Sheria anaijua, Maombi alishamfundisha. Akaja nilipokuwa nimekaa, akakohoa kwanza kama kawaida yake, halafu akaniuliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili: "Baba, nani alikuja?"

Nikamwambia hakuna. Akanikumbatia, nami sikurusha mkono.

Nikuambie na hili. Mwezi wa tisa nilikuwa kwenye nyumba ya mtu nafunga bomba la jikoni, simu ikalia. Ni Maombi. Ameandika: Tumecheza mpira. Basi. Hakuna shikamoo, hakuna mimi ni mzima. Mama Mdogo, sijui nilivyotoka pale. Niliacha vifaa sakafuni na yule mwenye nyumba ananiita ngazini. Nilikimbia kutoka kituoni mpaka shuleni na umri huu, nikaingia na buti zina maji. Nikamkuta ameketi kwenye benchi ukumbini, amevaa koti, begi mapajani, anaangalia saa ya ukutani. Hakuwa na shida yoyote. Akaniambia, "Dakika ishirini na mbili." Alikuwa ananipima.

Sikumgombeza. Nilimwambia apime tena siku yoyote akitaka. Ameshapima mara tatu, na kopo la mkate tangu Jumatatu liko tupu.

Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo, usije ukafurahi mapema ukawaita wanakwaya. Nikikuwaza nakuona umesimama pale stesheni, treni inaondoka, na mimi niko dirishani nahesabu mabasi. Sijui itaniondoka lini, au kama itaniondoka. Clement nimeendelea kumwombea, yeye safari hii nimemwomba radhi.

Lakini barua yako haikuwa na salamu. Unasema huniiti. Sheria tuliitunga wawili na haikuwa na maelezo hayo. Ilisema tu kwamba asiyeiona salamu anakuja. Maombi anajua umeniandikia hivyo, nilimwambia mwenyewe. Ameniuliza mara mbili dakika ngapi mpaka Kamachumu.

Nafika Bukoba tarehe 19 Desemba, peke yangu. Sijui tutaongea nini. Pengine tutaanika kahawa tu. Usichinje kitu. Chumba utakachonipa, mwambie fundi aung'oe mlango kabla sijafika.

Vedasto